Simba Ana Kazi Gani Katika Aya Hii?

Ngulyati, Bariadi

Dada yangu mpenzi Philomena,

Shikamoo. Na kwa lugha ya nyumbani, mwadila, ilumbu lyane, dada yangu. Ikikufikia asubuhi basi igeuze iwe mwangaluka, maana sijui gari litafika huko saa ngapi. Wewe hali yako? Miguu bado inakuuma ukitoka kwenye majaruba ya mpunga? Shemeji Anatoli naye mgongo wake unasemaje? Mwambie aache kubeba magunia kama kijana wa juzi. Binti yenu Joyness na mtoto wake naamini wanaendelea vizuri, na mpunga wa Mwamanyili nasikia umekubali mwaka huu mpaka ndege wameshiba wakaomba msamaha. Hayo nimeambiwa na watu, mimi sijaongeza kitu.

Sisi huku ni wazima kabisa. Ng'ombe wana maziwa, lambo bado lina maji, na pamba imefunguka, shamba zima ni jeupe. Ya kwangu usiseme. Nachuma kwa ngazi, dada. Mayige, yule jirani yangu wa upande wa barabarani, hana ngazi, kwa hiyo anasubiri upepo uinamishe mashina ndipo achume. Juzi bwana shamba alipita na pikipiki yake, akasimama, akavua kofia, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki tangu aajiriwe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu unayo na namba yako naijua kwa kichwa. Ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nikianza tu kukueleza jambo unasema Machibya fupisha, vocha inaisha, na vocha yenyewe ni yangu! Hapa huwezi kunikatiza. Halafu nataka uone kwa macho yako jinsi mdogo wako anavyoandika siku hizi.

Hebu isogeze karatasi mbali kidogo uitazame kabla hujaendelea. Umeona ilivyogawanywa vipande vipande, na kila kipande kinaanza kwa kuingia ndani kidogo? Kipande kimoja kama hicho ndicho kinaitwa aya. Zamani nilikuwa nakuletea barua iliyoshonana kutoka salamu mpaka jina langu, na wewe ulikuwa unalalamika kwamba ukifika katikati umeshasahau nani amekufa na nani ameoa. Hilo limekwisha. Sasa hivi kwa mambo ya aya sidhani kama kuna mtu wa kunishika mkono katika kata hii, na nilivyofika hapo ndiyo habari yenyewe ninayotaka kukupa.

Kuna mwalimu anaitwa Generoza. Anafundisha darasa la sita katika shule ya msingi ya hapa kwetu. Kwao ni Nyashimo, hukohuko kwenu Busega, kaka yake mkubwa ni yule Elia mwenye mashine ya kukoboa mpunga, huenda unamjua. Alifiwa na mume kama mimi nilivyofiwa na Monika. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, na akicheka anaficha mdomo kwa daftari. Nisikuzungushe, dada: moyo wangu ulimwangukia. Lakini mwalimu huyu alikuwa ameomba uhamisho arudi Busega awe karibu na kaka yake, na kila mtu hapa alijua kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita huenda akafunga mizigo asirudi tena. Kwa hiyo nilikuwa kama mtu anayetaka kuvuka mto huku wingu jeusi limeshasimama upande wa juu.

Jioni za Jumanne na Alhamisi mwalimu huyo anafundisha watu wazima. Mimi, kama unavyokumbuka, niliishia darasa la tano. Haikuwa kukosa akili, ni walimu waliishiwa vitu vya kunifundisha, na baba naye alikuwa na ng'ombe wengi. Basi nikaenda kujiandikisha. Maneno yakaanza. Josia, rafiki yangu fundi baiskeli, akatangaza pale kibandani kwake kwamba Machibya hafuati elimu, anamfuata mwalimu. Nikamjibu kwamba elimu ndiyo imesimama nyuma ya mwalimu, sasa mimi nifanyeje, nizunguke?

Insha ya kwanza tuliambiwa tuandike juu ya siku tusiyoisahau. Nikaandika ile siku nilipokuwa napalilia pamba, simba akatoka porini, akakaa mwisho wa tuta akanisubiri nimalize, kwa sababu hata yeye aliona huyu ni mtu mwenye kazi zake. Nilipomaliza tuta akainuka akaondoka kwa heshima. Nikaisoma mbele ya darasa. Mama Salu, ambaye anakaa dawati la mbele na ana miaka ya kuwa mama yetu, alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Hata mwalimu daftari lilipanda mdomoni. Nikajua nimepita. Kumbe alipolirudisha daftari langu lilikuwa jekundu kama limechinjiwa kuku. Alisema insha ni nzuri lakini haina aya hata moja, msomaji hana pa kuvuta pumzi.

Ndipo akatufundisha. Alisema aya moja hubeba jambo moja. Sentensi ya mwanzo inasema aya hii inahusu nini, na zinazofuata kazi yake ni kuisaidia hiyo: kueleza, kutoa sababu, kutoa mfano. Jambo likitosha unafunga, unafungua aya nyingine, na hiyo mpya lazima ishikane mkono na iliyopita, isitokee tu kama mtu aliyeanguka kutoka juu. Wenzangu walikuwa wanakodoa macho. Mimi nilielewa papo hapo kwa sababu nilikumbuka kiangazi tunavyonywesha kwenye visima vya mchangani mtoni. Huwezi kuachia kundi zima lije kwenye hori moja. Watakanyagana, hori litapinduka, na hakuna atakayekunywa. Unaita wachache, wanakunywa, wanapisha, unaita wengine. Nikasema msomaji naye ana hori dogo. Mwalimu akasema ndivyo hasa. Darasa likapiga makofi mpaka wafungwa wa Bariadi mjini wakadhani wameachiwa.

Kwa elimu hiyo nikaona nimeiva, nikaandika barua ya posa. Najua utashangaa, maana barua ya posa inakwenda kwa wazee. Lakini huyu ni mtu mzima, ana kazi yake na mshahara wake, nikaona kwanza nimuulize yeye mwenyewe, akikubali ndipo twende kwa Elia kwa utaratibu. Josia ndiye aliyeipeleka, amevaa koti. Tatizo ni kwamba nilipoanza kuandika mapenzi yalinipanda, aya zote zikanitoka kichwani, nikaachia kundi lote kwa mpigo. Mlemle nilitaja uchapakazi wangu, ukoo wetu, bati za nyumba, na yule ng'ombe wangu mwekundu aliyevuta lori la pamba kutoka kwenye tope la mto mpaka Bariadi, dereva amelala ndani, akaamka mjini akaishukuru injini. Na simba akaingia tena, sijui alipitia wapi.

Josia alirudi nayo siku ileile. Mwalimu alikuwa ameisahihisha, dada. Barua ya posa! Kwa wino mwekundu! Juu ameandika, "Aya ziko wapi?" Pale penye simba ameandika, "Simba huyu ana kazi gani hapa?" Na chini kabisa, "Sijaelewa unataka nini. Andika tena." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Josia hakunionea huruma hata kidogo. Kila aliyekuja kuziba pancha aliambiwa kwamba Machibya ni mwanamume wa kwanza mkoa mzima wa Simiyu kurudishiwa posa akafanye masahihisho. Watu wakawa wananisimamisha njiani wananiuliza nimepata ngapi kwa mia. Mayige, ambaye hata jina lake anaandika akiwa ametoa ulimi, naye aliniuliza.

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Mara ya pili nikaandika kwa aya kwelikweli. Lakini hapo nilifanya kosa ambalo nadhani hata wewe ungelifanya. Mwalimu alituambia kila aya ni kama mgeni anayeingia uani na jambo lake moja. Sasa mgeni kwetu akiingia unafanyaje? Unaanza kuongea tu kama uko sokoni? Basi kila aya nikaifungua kwa salamu kamili. Habari za mji, habari za watoto wa shule, habari za mvua, mifugo ya kaka yako Elia haijambo? Ndipo jambo. Aya inayofuata, mwangaluka tena mwalimu, habari za tangu aya iliyopita. Nilipofika kwenye posa yenyewe kalamu ilikuwa imechoka.

Safari hii aliniita ofisini, mchana kweupe, walimu wengine wapo. Alijaribu kuongea mara kadhaa, kila akifungua mdomo daftari linapanda. Mwishowe akaniambia tumeshasalimiana vya kutosha kwa maisha yote. Hao ni wageni wa msafara mmoja, alisema, wasalimie mlangoni mara moja, ndani wapokezane maneno. Kisha akanionyesha ile aya inayoanza kwa kusema mimi ni mchapakazi. Akauliza mbona sentensi zote zilizo chini yake zinamsema ng'ombe. Kama ng'ombe ndiye mchapakazi, basi yeye mwalimu aolewe na ng'ombe? Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Halafu akaacha kucheka. Akaweka kidole kwenye aya ya mwisho, ambayo ilikuwa imesema tu nataka kukuoa, basi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwamba sababu ziko wapi. Akasema yeye ameshaomba uhamisho, majibu yanaweza kuja wakati wowote, kwa hiyo kama nina la kuandika niliandike.

Nilikwenda nyumbani nikakaa mlangoni na karatasi. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Barua iliyoshonana ni kama kundi kubwa linapita kwenye vumbi, ng'ombe wa watu anaweza kupita katikati yake usimjue. Ukishaanza kuwatoa wachache wachache, kila mmoja unaiona alama yake. Nilijaribu kuweka simba chini ya ile sentensi ya nataka kukuoa, akakataa kukaa. Nilijaribu lori, likakataa. Pamba na ngazi yake, ikakataa. Hazikuwa sababu za kumtaka Generoza, zilikuwa hadithi tu za Machibya. Nilivyo mimi, mtu wa maneno kama unavyonijua, nikawa nimekaa na kalamu, sababu sina hata moja.

Basi nikaandika yaliyokuwepo. Niliandika kwamba tangu Monika atutoke nakula nimesimama, palepale jikoni, sufuria mkononi, kwa sababu sioni nikae na nani. Niliandika kwamba kibandani kwa Josia huwa napiga hadithi mpaka wote waondoke, si kwamba hadithi haziishi, ni nyumba haina wa kumwambia. Niliandika kwamba Jumanne na Alhamisi nafua shati, na kwamba daftari lake likipanda mdomoni mimi huo mlima wa kwenda nyumbani siuoni nimeupanda saa ngapi. Nilipoinua kichwa aya ilikuwa imejaa, na hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake. Niliitazama kama ng'ombe wa kigeni. Ndiyo, dada, wewe ukinipigia na kuniuliza nimekula nini, nakujibu kwamba nimekula wali na wageni. Wageni hao hawakuwepo. Sasa nimekuambia.

Barua hiyo niliipeleka kwa mkono wangu. Aliipokea, akaitia kwenye mkoba, akaendelea kufundisha herufi kubwa. Siku zikapita. Darasani ananiita nijibu maswali kama mwanafunzi mwingine yeyote. Wino mwekundu haukuja, na mimi nikaanza kuutamani huo wino. Siku ya kufunga shule Josia akaja mbio, baiskeli ya mteja begani, akasema amepita nyumbani kwa mwalimu ameona godoro liko nje.

Unajua miguu yangu ilivyo. Lakini siku hiyo pikipiki nilizipita, na hapa sijaongeza, au nimeongeza pikipiki moja. Nikafika nikiwa sina pumzi. Godoro lilikuwa nje kweli, limeanikwa juani. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni yake anachambua choroko. Alisema alikuwa anajiuliza nitafika saa ngapi, kwa jinsi Josia alivyolikodolea macho lile godoro. Akaingia ndani akatoka na karatasi, akanipa, akaendelea na choroko zake. Ilikuwa aya moja tu, nakunakilia kama ilivyo:

"Machibya anasema uongo kuhusu simba. Anasema uongo kuhusu pamba, na yule ng'ombe wake mwekundu nimemwona, ni mdogo na anachechemea. Anachelewa darasani, na daftari lake lina mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Mwanamke mwenye akili angekwenda zake Nyashimo. Lakini nimeisoma aya yake ya mwisho kila siku na sijaona pa kuweka wino mwekundu. Kwa hiyo nimeandika kwa wakubwa kuomba uhamisho wangu usitishwe."

Mimi nilitafuta jibu kwenye sentensi ya kwanza, kama tulivyofundishwa. Nikakuta uongo. Ya pili, uongo tena. Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili, nikaikunja karatasi nikaanza kugeuka. Akaniita. Akaniambia nisome mpaka mwisho, kwa sababu yako mambo mengine ambayo mwalimu hayafundishi mwezi wa kwanza. Sentensi kuu, alisema, inaweza pia kukaa mwisho, kama mwenye mji anayewaachia watoto wapokee wageni, halafu ndipo anatoka mwenyewe. Nikasoma tena. Nikamuuliza kuhusu uhamisho, kwamba sasa maana yake ni nini hasa. Alitikisa kichwa akasema kweli niliishia darasa la tano. Kisha akanisogezea kigoda cha pili akaniambia nikae, au hata kujibiwa posa nataka kujibiwa nimesimama?

Nikakaa, dada. Tukala choroko na michembe ya viazi. Sikusimulia hadithi yoyote mpaka jua likaelekea kuzama, na hilo watu wa hapa wamekataa kuliamini kuliko habari za simba.

Sasa ombi langu. Barua rasmi ya kwenda kwa Elia iko tayari, tumeiandika wawili, ina aya zake na salamu ni moja. Nakuomba wewe na shemeji Anatoli muwe wazee wangu, maana ninyi mko karibu na Nyashimo na baba hayupo. Josia anashuka huko wiki ijayo kutafuta spea, atawaletea hiyo barua pamoja na hii. Mkifika kwa Elia semeni kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine. Ng'ombe wa mahari wapo, si wa hadithi, ni wa kushikwa pembe. Akitaja wengi mno msishtuke, mwambieni mtarudi. Akiuliza kuhusu tabia yangu, shemeji ndiye ajibu, wewe utacheka. Harusi tungependa iwe baada ya kuuza pamba, kwa padri, na ngoma nyumbani.

Barua hii Generoza ameisoma kabla sijaifunga. Ametoa pikipiki kadhaa, na wafungwa wa Bariadi alitaka kuwatoa, nikawaombea. Ngazi ya pamba ameiacha, anasema utamkosa ndugu yako ukisoma bila ngazi.

Nisalimie sana shemeji, Joyness na mjukuu, na wote wanaoniulizia kanisani kwenu. Mama Salu, Josia, na hata Mayige wanakusalimu. Generoza naye anakusalimu kwa heshima zote. Aliniuliza atakapokuja kwako akuite nani, dada au mama Joyness, asije akakosea. Nikamwambia aanze tu kuzoea neno wifi, na tangu alipokuja asubuhi hii kuisoma barua namsikia jikoni akilitamka peke yake, polepole.

Wabeja sana, nakushukuru, dada. Nasubiri mtakachosema mkitoka kwa Elia.

Ni mimi mdogo wako,
Machibya ng'wana Luhaga,
mchumba wa watu.